Moto wa Nyumba Namba Tisa

Nilikuwa na miaka sita tulipohamia landi, zile nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli, kwenye stesheni yetu ndogo upande wa Lanet. Tulitoka Naivasha ndani ya behewa la mizigo: baba, mama, mimi, kitanda na kuku watatu. Mvua ilitunyeshea kutoka behewani hadi mlangoni, na mama alinung'unika njia nzima kwamba hata kiberiti kimelowa. Baba alipofungua kijumba cha jikoni, kule nyuma, tulikuta jiko la makaa lina moto uliofunikwa jivu, na juu yake sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, bado ya moto. Waliotutangulia walikuwa wameondoka asubuhi hiyo. Hatukuwahi kuwaona. Mpaka leo sijui walikuwa watu wa wapi, lakini githeri ile naishukuru kuliko karamu zote nilizoalikwa baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya landi. Watu wa reli walihamishwa kila mara, leo Nakuru, kesho Molo, na aliyeondoka hakuacha nyumba baridi. Aliacha moto na chochote cha kutia tumboni. Hata jirani yetu mmoja, mchoyo aliyejulikana stesheni nzima, aliacha viazi viwili. Vidogo, lakini aliacha.

Stesheni siku hizo ilikuwa mji kamili, au sisi tuliamini hivyo. Tulikuwa na maduka manne, kinu cha kusaga mahindi na kanisa la mabati. Nakuru ilikuwa safari. Kabla ya kwenda huko ulioga kwanza. Treni ya abiria ikisimama, mama na wenzake walikimbilia madirishani na karoti na mayai ya kuchemsha, na pesa ya mayai hayo ndiyo iliyonisomesha. Kisha treni ikaacha kusimama. Stesheni ikafungwa, baba akastaafu, na miaka michache baadaye tukamzika. Nyumba za landi zikapangishwa kwa yeyote, mama akabaki kwetu, namba tisa, kama mpangaji.

Mji nao ukaja bila kubisha hodi. Nguzo za stima zilitangulia, lami ikafuata, halafu fleti za orofa tano zikaota kwenye mashamba ya mahindi. Siku Nakuru ilipotangazwa kuwa jiji, mama aliniuliza kama sasa itambidi avae viatu akienda kuteka maji.

Mwaka jana ikaja notisi. Landi ingebomolewa Jumatatu, na atakayekutwa ndani vyombo vyake vingetupwa nje. Wapangaji wengine waliondoka mmoja mmoja. Nilimtafutia mama chumba cha chini kwenye fleti ya ng'ambo ya barabara, na Jumamosi tukahamisha kila kitu isipokuwa jiko. Hilo alilikalia.

"Nani anaingia hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna, ni tingatinga linakuja. Akasema basi hawezi kutoka, kwa kuwa hana wa kumwachia moto. Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo hazikukawia. Nilimwambia anashikilia adabu za watu waliokufa, na kwamba atatutia aibu mbele ya watu kwa sababu ya jivu.

Hakupandisha sauti. "Ulikula githeri yao," akasema.

Nilirudi kwangu nikiwa nimenuna, na usingizi sikupata.

Jumatatu nilifika mapema, nikiwa tayari kumbeba kwa nguvu ikibidi. Jikoni kulikuwa na moshi. Alikuwa amebandika sufuria kubwa aliyoiazima, ile ya mikutano ya kanisa. Tingatinga lilikuwa limeshafika, na vijana watano waliokuja nalo wamesimama wakitazamana. Msimamizi wao aliniambia kwa upole kwamba wao wametumwa tu, na leo ni leo.

Mama akatoka na shuka lake begani. Aliwauliza wametoka wapi. Mai Mahiu, wakasema, tangu alfajiri. Akauliza kama wamekula, wakatikisa vichwa. Ndipo alipomshika msimamizi mkono akamtia ufunguo kiganjani.

"Karibuni namba tisa," akasema. "Moto uko huko nyuma. Hiyo githeri ni yenu."

Akavuka barabara bila kugeuka. Mimi nilibaki nimesimama kama mgeni. Wale vijana walikula wakiwa wamechuchumaa ukutani, na mashine ikangoja mpaka sufuria ikakwanguliwa. Halafu wakaanza kazi.

Jioni palikuwa na kifusi tu. Tulikuwa ndani, kwenye chumba kipya kilichonuka rangi, mama kitandani, mlango ulipobishwa. Alikuwa yule msimamizi, amelishika jiko kwa gunia ili asiungue. Mwenzake alibeba sufuria, imeoshwa, na ndani yake mna viazi.

"Mathe, jiko lako," akasema. "Chunga, bado liko na moto. Tulipikia chai saa kumi."

Hakuna aliyekuwa amemweleza desturi ya landi. Mama alinitazama. Nililipokea lile jiko, nikaliweka nje kwenye baraza, nikapiga magoti nikaondoa jivu, nikapuliza.