Drafti ya Mama Chini ya Dirisha

Hadi leo nikisikia kisoda kikigongwa ubaoni, ta!, nanusa dagaa waliokuwa wakianikwa nyuma ya nyumba yetu, mtaani Igogo. Hiyo ni sauti ya drafti, na drafti, mtanisamehe, haichezwi kimya. Mnacheza mkitambiana, na anayefungwa anainuka kumpisha mwingine.

Miaka ile viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Baba alipunguzwa kiwanda cha nguo, akaingia chumbani na kukaa humo. Hanyoi ndevu, hasalimii mtu. Rafiki zake wakija, tunaambiwa tuseme amelala. Mama alimbembeleza, akaita mpaka mchungaji. Wapi! Nilikuwa mdogo lakini niliogopa sana. Nilikuwa natega sikio mlangoni kusikia kama anapumua.

Jioni moja Mama akatoa ubao wa Baba uvunguni, akaketi nao nje, chini ya dirisha la chumba kile kile, akaniita. Kete zetu zilikuwa visoda: mimi nikachukua vya bia, yeye vya soda. Akanifundisha kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi: kete za nyuma zisitoke mapema, maana ndizo zinazomzuia mwenzio kufika mstari wako wa mwisho na kuingia kingi. Shika katikati. Na ukitegewa kete lazima uile, hata kama unaona kabisa kwamba ukila hiyo moja, yeye atakula zako mbili.

Halafu mwalimu mwenyewe akacheza ovyo! Nyuma kaacha wazi, pembeni kajaza kete. Nikamfunga, nikaruka kwa furaha. Akapita jirani yetu Baba Zawadi, muuza mitumba, mtu wa maneno mengi, naye akamfunga.

"Mama Pendo, nyumba hii hakuna mwanaume wa kunipa mchezo?"

Dirishani kukasikika kikohozi. Kisha sauti ya Baba, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika: "Sasa nyuma unafungua ya nini wewe?"

Mama hakugeuka hata. "Kama unajua, njoo ucheze."

Hakutoka. Kesho yake Mama akatandika ubao tena, na keshokutwa, anafungwa tu, na watu wa mtaa wakawa wanakuja kucheka. Nilimwonea aibu, jamani. Mpaka jioni moja aliposukuma kete yake ya mwisho ya nyuma mbele ya Baba Zawadi, mlango ukalia, Baba akatoka na singlendi yake na yale madevu.

"Inuka," akamwambia Mama.

Mama akainuka. Baba akamlisha Baba Zawadi kete moja, akamlisha ya pili, kisha akaruka akala tatu kwa mkupuo, na mtaa mzima ukapiga kelele. "Shemeji, mumeo amelogwa huyu!" Baba Zawadi akalalamika. Baba akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Asubuhi alinyoa, akaenda mwaloni, soko la samaki la ziwani, kutafuta kibarua.

Kwa miaka mingi nilimsifia Baba kwa mchezo ule. Mama nilimhesabu kuwa hajui kitu, Mungu anisamehe. Hadi nilipokuwa sekondari, nimerudi likizo, bingwa wa bweni zima, nikamwambia tucheze nimfundishe. Mama akanimaliza huku anachagua mchele. Akanimaliza tena. Kete zangu zilikuwa zinaondoka ubaoni sijui hata zimekwendaje.

Nikamkimbilia Baba. "Baba, kumbe Mama anajua drafti!"

Akapunguza redio. "Mama yako? Tangu namchumbia sijawahi kumfunga."

"Kwa hiyo wakati ule, dirishani, ulijua?"

"Tangu jioni ya kwanza. Lakini mwanamke kama yule anakubali kuchekwa na Baba Zawadi kwa ajili yako. Ningekaa ndani mpaka lini?"