Nyekundu ya Wembley

Bibi alikuwa akimsimulia nini binamu yangu kule Wembley? Swali hilo lilininyima raha mwaka wangu wa mwisho wa chuo, Bibi alipokuja kutoka Zanzibar kukaa nasi London. Binamu aliishi Wembley, mimi nilikuwa nimepanga chumba Walthamstow, upande wa pili wa jiji. Nilichotaka kwake ni kitu kimoja: anieleze babu, mumewe, alichukuliwa vipi baada ya Mapinduzi. Kila nikiuliza, alinipa kipande kidogo kisha akaomba chai.

Tulianza kumkaribisha Bibi kwa zamu za wiki, lakini kila mmoja alidai wiki ya mwenzake ilikuwa ndefu. Basi nikanunua sokoni ruleti, lile gurudumu la kamari, ya watoto kuchezea, nikaipeleka Wembley Ijumaa, siku ambayo sote watatu tulikula pamoja.

"Hii si kamari?" Bibi akauliza.

"Kamari ni pesa, Bibi. Hapa hakuna pesa."

"Kumbe dau ni mimi! Mmenifanya mume wa wake wawili."

Nikawaeleza. Gurudumu lina vijumba thelathini na saba: moja hadi thelathini na sita, nusu nyekundu, nusu nyeusi, na sifuri ya kijani. Unalizungusha upande mmoja, kigololi unakirusha upande wa pili, kinakimbia ukingoni mpaka kichoke, kisha kinaangukia kijumba kimojawapo. Kwenye kasino, sifuri ikitoka, walioweka dau kwenye rangi wote wanapoteza, na hapo ndipo mwenye kasino anapopatia riziki yake. Kwetu sisi, rangi ya mtu ikitoka, Bibi anakaa kwake wiki hiyo; sifuri ilikuwa na maana kwamba Bibi achague mwenyewe. Binamu akachukua nyekundu, mimi nyeusi.

Ikatoka nyekundu. Ijumaa iliyofuata, nyekundu. Na iliyofuata tena. Nilikuwa nasoma takwimu, nikijua fika gurudumu halikumbuki lilichotoa jana. Hata hivyo niliipindua ile ruleti, nikaichungulia chini, nikaihamishia meza nyingine.

"Ipeleke hospitali ikapigwe eksirei," binamu akacheka.

"Anakusimulia nini?"

"Ya wawili hayo, dada. Wewe yakuhusu nini?"

Nikawa nawaona kichwani, wamejinyoosha kwenye kochi, Bibi akimwaga habari yote tangu mwanzo, na anayemwagiwa ni mtu asiyeuliza hata kwa nini mvua inanyesha.

Halafu ikatoka sifuri. Bibi alinitazama mimi kwanza, na nikaanza kukusanya viatu vyake.

"Mke mwenzangu," akasema, jina alilozoea kututania nalo, "maswali yako wewe hayalali. Niache hapa hapa."

Nilirudi Walthamstow na treni, ruleti ikigongagonga ndani ya mfuko. Sikuizungusha tena.

Binamu alikuja kunieleza miaka mingi baadaye, Bibi akiwa ameshafariki. Kule kwake Bibi hakusimulia lolote. Alikuwa akilala tu mchana kutwa. Na habari za babu, hata mama zetu hawakuwahi kuambiwa: vile vipande nilivyopewa kabla ya chai hakuna mwingine aliyevisikia.