Ndugu wa Kasuku Wetu

Nikisikia harufu ya mawele mabichi yakichomwa, macho yangu hukimbilia juu kabla sijayazuia.

Siku ile mwalimu alikuwa amechora kasuku wawili ubaoni. Mmoja alikuwa wetu wa huku Mbeere, mwenye mkia mfupi na tumbo la rangi ya chungwa. Wa pili alikuwa wa kijani, mkia mrefu, na doa jekundu bawani.

"Huyu ni ndugu yake wa kisiwani," akasema. "Alikuwa anakula mahindi ya watu. Wakamfukuza, wakamfukuza, mpaka akaisha."

Kisha akamfuta kwa dasta. Likabaki vumbi la chaki.

Jioni nilikuwa na Cucu, nyanya yangu, shambani, juu ya kichanja cha kufukuzia ndege, kombeo mkononi.

"Cucu, kisiwa ni nini?"

"Ni mahali pamezungukwa na maji. Ukifukuzwa hapo, hakuna pa kwenda."

Nikatazama shamba letu. Pande zote lilizungukwa na miiba mikavu.

Mara kasuku wakaja kwa makelele yao, wakatua kwenye masuke ya mawele. Nikalishusha kombeo.

"Rusha! Ama unataka tukule nini hii mwaka?"

Nikarusha. Wakaruka wote, wakapotea nyuma ya migunga, na shamba likanyamaza. Cucu akaanza kuimba. Mimi nikaikodolea macho ile migunga mpaka yakaniuma.

Walipochomoza tena, nilishusha pumzi. Kisha nikaokota jiwe lingine.