Mikanda Miwili Juu ya Ikwiriri

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka siwezi kukaa. Nilikuwa kijana, nimerudi Kibiti na stashahada ya mawasiliano niliyoisomea huku nikibeba zege Dar es Salaam. Rufiji nzima hakuna aliyesoma picha za rada za satelaiti kama mimi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mto ulikuwa unapanda. Shangazi yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, bondeni magharibi ya Ikwiriri, analinda mpunga. Akishuka bure, ngedere wataumaliza. Akasema kwa simu hashuki mpaka nimwambie maji yamefika wapi. Nikafungua picha. Bonde lote limefunikwa na mkanda mweupe! Satelaiti ile hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi wake, na sasa kulikuwa na mtambo ardhini unaopiga kelele kwenye masafa yaleyale, kelele zilizochora mkanda ule na kuyaficha maji.

Mkanda ulipita juu ya duka la Athumani wa Ngorongo, mwenye antena ndefu ya intaneti. Vijana wakataka kwenda kuing'oa. Mwenyekiti wa kijiji naye akaniuliza nangoja nini.

"Mkanda huu umepita juu ya mapaa ya watu wengi, Mwenyekiti," nikamwambia. "Alfajiri satelaiti inapita kwa upande mwingine. Mkanda wa pili ukikatana na huu, hapo ndipo penye mtambo."

Kungoja kule, mwanangu, na maji yanapanda! Picha ya alfajiri ikafika. Mikanda ilikatana juu ya nyumba ya wageni pale Ikwiriri. Mimi na Mwenyekiti tukapiga hodi, tukasalimiana na mwenyewe, Bi Zuhura, tukaulizana habari za mafuriko, ndipo nikaomba kuliona paa lake.

"Mwanamume mzima unachungulia mapaa ya wanawake kutoka mbinguni," akasema. "Mkeo anajua?"

Antena ilikuwepo, fundi wake ameiweka kwenye masafa yasiyoruhusiwa. Tukamwita fundi huyo, akaibadilisha palepale. Picha iliyofuata ikatoka safi: maji yamelizunguka bonde kwa nyuma, imebaki njia nyembamba ya kuelekea barabarani. Nikampigia shangazi, nikamwambia atoke sasa hivi, apite upande wa barabara. Akatoka. Kesho yake dungu lile lilikuwa limezama.

Basi mwanangu, soma mpaka ujue jambo wasilolijua wenzako, na ukilijua usione haya kulisema. Lakini dalili moja isikutoshe kumtaja mtu. Tafuta ya pili, itoke upande mwingine, hata kama wote wanakuharakisha. Na ukifika mlangoni kwake, msalimie kwanza. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mbali na moyo wa kungoja.