Tarumbeta Halichelewi

Mdogo wangu wa mwisho alipachikwa jina la Radi tangu ujana wake, na jina lenyewe alilitafuta. Alipopata kazi karakana ya mbao, kitu cha kwanza kununua kilikuwa redio kaseti. Akaiweka dirishani, akafungulia muziki wa roki mpaka vikombe vya mama vikagongana kabatini. Jirani akapiga kelele kutoka uani, "Mama nanihii, mvua hiyo inakuja?" Mama akamjibu, "Hakuna mvua, ni huyu radi wangu." Basi likamganda mpaka leo, ana wajukuu.

Mimi dada yake mkubwa ni mshonaji wa mapazia na foronya. Muziki wangu ni dansi: gitaa linaloongea taratibu, mwimbaji unayemwelewa analia nini, na tarumbeta zinazoingia kwa heshima zao. Radi muziki wangu hakuwahi kuukubali, na wake mimi sikuukubali. Ndiyo maana tangu mume wangu afariki alikuwa anakuja kwangu kila Jumamosi mchana, kanda moja mfukoni, eti kuniliwaza. Kuliwaza gani! Alikuja kugombana.

Sheria yetu ilikuwa hivi. Kila mtu anapiga wimbo mmoja, mwenzake anasikiliza mpaka mwisho bila kufungua mdomo. Kukohoa ruhusa. Ukicheka umeshindwa. Wimbo ukiisha ndipo vita inaanza.

"Huyu anaimba au amebanwa na mlango?" nauliza.

"Ana hasira, dada. Mtu mwenye hasira hapambi maneno."

"Hasira ya nini, na nywele zake zimesukwa vizuri hivyo?" Maana picha yake ilikuwa kwenye jalada la kanda.

"Wako je? Analia dakika zote hizo kwa sababu mwanamke hakumpungia mkono. Akatafute kazi!"

Kanda zangu nazitambua kwa nyuzi. Maandishi yake ni madogo, na mimi na maandishi hatukuzoeana sana, kwa hiyo kila kanda nimeizungushia uzi wa rangi yake. Ya uzi mwekundu ina wimbo ninaoupenda kuliko zote. Katikati mwimbaji ananyamaza, gitaa linabaki peke yake kidogo, ndipo tarumbeta linaingia. Radi hakuwahi kuliacha lipite salama.

"Limechelewa," anasema. "Mpigaji alikuwa amesinzia, wakamkanyaga mguu."

"Halikuchelewa. Linasubiri gitaa limalize kusema. Lina adabu, si kama watu wako."

"Limechelewa."

"Halichelewi!"

Wifi yangu, mke wa Radi, alikuwa anasema sisi tutazikwa makaburi mawili na tarumbeta katikati.

Sasa Jumamosi moja nikaweka uzi mwekundu makusudi, maana wiki hiyo wateja walikuwa wameniudhi na nilitaka mtu wa kumsema. Wimbo ukaisha. Nikakaa sawa kitini, nikakaza kilemba.

Radi akasema, "Nzuri, dada. Nzuri sana."

Nikamuuliza, "Na tarumbeta?"

"Nalo zuri."

Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikatoa kanda yangu, nikaweka yake, ile ya roki anayoipenda yeye, nayo naijua kama ninavyoujua ugonjwa wa goti langu. Mwanzo ikaenda vizuri. Radi akafumba macho, kiatu kikaanza kupiga sakafu, ta-ta, ta-ta. Kisha betri za redio zikaanza kuchoka. Wimbo ukavuta. Mwimbaji mwenye hasira akageuka ng'ombe anayelia kisimani, ngoma zikawa zinaanguka moja moja kama viazi vinavyotoka kwenye gunia. Siku nyingine ningecheka mpaka nishindwe. Nikatazama kiatu cha mdogo wangu. Ta-ta, ta-ta. Kilikwenda vilevile, mbio zilezile za siku zote.

Taa nyekundu ya redio ikazimika. Chumba kikawa kimya kabisa, nikasikia nyuzi za pazia nililolipakata zikikatika, jinsi nilivyolivuta. Kiatu kikaendelea. Kilikuwa kinapiga wimbo uliokuwa kichwani mwake tu.

Alipofika mwisho wake akafumbua macho, akatabasamu. "Hapo mwisho, dada, gitaa linavyopanda! Huwezi kusema kitu."

Nikamgeuzia redio, nikamwonyesha taa iliyozimika. Kisha nikasema polepole, mdomo wazi, "Radi. Imekufa zamani."

Tabasamu likabaki usoni halina pa kwenda. Baadaye akasema, "Betri zako za bei rahisi."

"Betri nimeziona. Nakuuliza masikio."

"Masikio yangu yana nini? Mazima!"

Nikaziba mdomo wangu kwa mkono, nikamwambia kitu nyuma ya kiganja. Nilimwambia kuwa nampenda, nami maneno hayo siyasemi ovyo. Akanikodolea macho tu. Nilipoondoa mkono, akawa anatazama viatu vyake.

Ngoja nieleze kazi yake, ili hofu yangu ieleweke. Radi ndiye anayeendesha msumeno mkubwa. Yeye anasukuma gogo upande huu, swichi iko mkononi mwake. Upande wa pili yuko mtu anayepokea mbao, na gogo likiwa nene hawaonani. Shati likinaswa, ubao ukigeuka, yule wa pili anapiga kelele "Zima!" na Radi anazima. Hakuna kengele wala taa, ni sikio la Radi tu. Na mtu mwenyewe wa upande wa pili ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

"Usimwambie mtu," Radi akasema. Sasa sauti ilikuwa ndogo. "Mashine naisikia kwa miguu, dada. Naisikia kwa meza inavyotetemeka. Miaka yote hii hakuna aliyepoteza hata kucha."

"Na mkwe wako utamsikia kwa goti?"

"Nikitoka pale mimi nani? Nikae sebuleni nimtazame wifi yako akifuma vitambaa?"

"Jumatatu mwambie msimamizi."

"Nisipomwambia? Utanichongea?"

Nikaanza kuokota nyuzi zilizokatika. Akasimama, akavaa kofia, akatoka. Kanda yake aliiacha ndani ya redio. Hakuwa amewahi kuiacha.

Jumatatu asubuhi nikafunga cherehani, nikaenda karakana kwa miguu yangu. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia msimamizi. Nilipofika getini, maneno hayakutaka kutoka. Mtu nimembeba mgongoni akiwa hajaota meno, nikasimame mbele ya wenzake niseme amekuwa kiziwi? Na nikinyamaza, nitamwambia nini binti yake siku akiletewa mume hana mkono?

Ndani palikuwa na vumbi la mbao mpaka kope. Walikuwa mapumzikoni, wanakunywa chai, na simu ya mtu inapiga muziki juu ya pipa la mafuta. Vijana walikuwa wanabishana, huyu anasema nyimbo za siku hizi ndizo zenye mdundo, yule anasema zote zimetengenezwa na kompyuta moja. Kama kawaida yao wakamgeukia mdogo wangu. "Mzee Radi, amua! Huyu anajua kuimba au hajui?"

Radi alitazama nyuso zao kwanza. Akaona wengi wanatingisha vichwa, naye akatingisha. "Anajua," akasema. Wakashangilia. Mkwe wake akacheka, "Leo baba mkwe kakubali muziki wa watoto! Kweli dunia imekwisha." Ndipo Radi akaniona nimesimama mlangoni, na kicheko kikamwisha.

Msimamizi akapuliza filimbi, chai imekwisha. Watu wakarudi kwenye kazi zao. Gogo lililokuwa mezani lilikuwa nene kama pipa. Radi akavaa miwani na glovu bila kunitazama.

Nikapita nyuma ya msumeno mpaka upande wa pili. Mkwe akashtuka. "Shangazi, hapa haparuhusiwi! Utaumia."

"Sogea, mwanangu. Leo mbao napokea mimi."

Akadhani ni utani. Nikamsukuma kwa kiwiko, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya meza ya chuma, pale anapovuta mbao. Kisha nikainama pembeni ya gogo, uso wangu uonekane. "Radi! Washa!"

"Toka hapo, dada!"

"Washa. Nikiona hatari nitapiga kelele. Si utanisikia?"

Msimamizi akaja mbio. "Nani kamruhusu bibi huyu? Radi, mtoe dada yako!" Mimi sikubanduka. Chuma kilikuwa cha baridi. Kidole cha Radi kilikuwa juu ya swichi, namwona, na nikawaza, nimfahamuvyo kwa ubishi wake, huyu anaweza kuwasha. Tumezaliwa tumbo moja.

Radi akatazama mikono yangu. Akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amenishika bega asielewe lolote. Kisha akaondoa kidole, akavua glovu, moja, ya pili, akaziweka juu ya gogo.

"Bosi," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani, "tafuta mtu mwingine wa kuwasha. Mimi sisikii."

Nilipoondoa mikono mezani, alama zake mbili zilibaki kwenye vumbi.

Walimpa kazi ya kunoa meno ya misumeno, chumba cha nyuma, na kwenye msumeno wakafunga taa ya kumwonya mwendeshaji azime. Wifi akaanza kuwaambia watu ni yale makelele ya roki yaliyomziba mume wake masikio. Nikamkatalia mbele ya wageni wake. Ni kelele za msumeno. Muziki ule siupendi, lakini sitakubali usingiziwe.

Radi hakukanyaga kwangu. Jumamosi zikapita, nikawa nashona redio imezimwa, maana kusikiliza peke yangu niliona kama kula mbele ya mtu mwenye njaa. Kanda yake nikaizungushia uzi mweusi isipotee.

Kisha mchana mmoja akaingia bila hodi, akakaa kiti chake. "Betri umenunua?"

Nikaitika kwa kichwa. Nikaweka uzi mwekundu. Nikasogeza kigoda karibu, nikaweka kiganja changu juu ya goti lake, nikawa nampigia ngoma ya wimbo kama inavyokwenda. Akafumba macho. Mwimbaji aliponyamaza nikainua kiganja, nikabakiza kidole kimoja kwa ajili ya gitaa. Kidogo, kidogo. Tarumbeta lilipoingia nikamfinya.

Hakusema kitu mpaka mwisho. Sheria ni sheria. Nilipotoa mkono akafumbua macho, akanitazama kwa dharau niliyokuwa nimeikosa siku zote hizo.

"Limechelewa," akasema.

"Halichelewi!" nikamfokea, na safari hii nikahakikisha anauona mdomo wangu vizuri.