Haizunguki Mpaka Dada Apande

Miaka yote ile, kabla mtoto yeyote hajakaa kwenye bembea ya shemeji, dada yangu alikuwa anapanda kwanza. Peke yake, mwanamke mzima mwenye mwili wake, kwenye kiti cha bati kilichochorwa simba, miguu inaning'inia, mkoba uko mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Shemeji anawasha injini, bembea inazunguka na viti vingine vyote vitupu, dada amefumba macho. Wapita njia wanacheka. Na mimi nilicheka sana tu, tena kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekaa pembeni nakata tiketi na kila mtu alijua tumezaliwa tumbo moja. Akishuka alisema neno moja: "Inafaa." Au alisema, "Haifai," na hapo shemeji anavua shati na kuanza kufungua nati.

Wao kazi yao ni kukodisha michezo ya watoto. Shule ikiwa na siku ya wazazi, mtaa ukiwa na sherehe, duka jipya likifunguliwa, wanaitwa. Wana jumba la hewa la watoto kurukia, na wana hiyo bembea ya kuzunguka. Jumba la hewa halina maneno mengi: unalijaza upepo kwa feni, linasimama, watoto wanaruka mpaka soksi zinapotea. Bembea ni habari nyingine. Ni nguzo ya chuma yenye mikono, kila mkono umeshika kiti kwa minyororo, na chini kuna injini iliyotolewa kwenye mashine ya kusaga. Shemeji aliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Siku ilipofungwa uwanjani kwa mara ya kwanza, dada alishika kiuno akasema, "Hapandi mtoto wa mtu mpaka nipande mimi." Shemeji akadhani ni utani. Wee! Alikuwa hajamjua vizuri mke wake.

Nami sitii chumvi nikisema dada anasikia chuma. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mimi nikikaa kwenye ile bembea nasikia injini inaunguruma na tumbo linapanda juu, basi. Yeye anasikia mnyororo gani unahitaji mafuta. Kuna sherehe moja ya mtaa, mgeni rasmi ameshafika, muziki umeshafunguliwa, dada akashuka akasema, "Haifai. Kuna kitu kinasaga huko ndani." Shemeji alinuna, akafungua huku anasonya, na kweli, beringi ilikuwa imepasuka. Tangu siku hiyo hakununa tena. Watoto wakampa dada jina: Bi Inafaa. Akienda sokoni anasalimiwa hivyo hivyo na watu wazima wenye ndevu, ambao utotoni walikuwa wanamngoja ashuke ili wao wapande.

Halafu kikaja kiharusi. Alikuwa anaosha vyombo, akadondosha sahani, na alipotaka kuitukana ile sahani, maneno yakatoka mabovu. Hospitalini walifanya kazi yao vizuri, akarudi nyumbani anatembea. Lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, mguu unaburuta kidogo, na mdomo ukawa umevutwa upande mmoja. Akisema neno linakuja taratibu, moja moja, na mengine yanagoma njiani.

Mimi nilidhani mguu ndio utakaomsumbua. Kumbe ni mdomo. Dada yangu, ambaye alikuwa haachi muuza mboga apite bila kumtania, akawa anajificha chumbani mgeni akibisha hodi. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha hata kukaa barazani. Daktari alimwambia atembee, aongee na watu, na yeye akawa anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na anaongea na mimi tu, na mimi mwenyewe ananikatiza. Iliniuma. Nilikuwa nikitoka pale nalia njiani kama mtoto, kisha najifuta uso kabla majirani hawajaniuliza.

Shemeji naye akaifunika bembea kwa turubai. Watu walikuja kuikodi, akawapa jumba la hewa. Nikamwambia, "Shemeji, bembea inaota kutu. Si upande wewe mwenyewe uijaribu?"

"Mimi nikipanda, injini ataishika nani?"

"Basi nipande mimi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Wewe? Wewe unasikia nini zaidi ya umbea?"

Nilikasirika siku nzima. Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Basi ikaja siku ya wazazi ya shule iliyo nyuma ya nyumba yao, uchochoro mmoja tu ukivuka. Mwalimu anayesimamia michezo alitaka bembea, hakutaka jumba la hewa, watoto walikuwa wameahidiwa bembea. Nikasubiri shemeji akatae. Akakubali! Wiki ile yote alikuwa uani anapiga msasa, anapaka rangi, anatia mafuta. Dada akawa anamwangalia dirishani. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nililala kwao, nikasikia shemeji akimwambia, "Kesho nakuhitaji."

"Si...endi," dada akajibu. "Usini...hurumie."

"Nani anakuhurumia? Bembea haizunguki bila wewe."

"Si...endi."

Hakuenda. Asubuhi tulikwenda wawili na vibarua wa kubeba. Tukasimamisha nguzo, tukafunga mikono, tukaning'iniza viti: simba, punda milia, twiga, mamba na wenzao wote, rangi mpya inang'aa. Nikakunjua meza yangu ya tiketi. Geti likafunguliwa, watoto wakamiminika, wakapanga foleni mpaka kwenye mabomba ya maji. Na shemeji amekaa juu ya ndoo karibu na injini, mikono kifuani.

Mwalimu akaja mara ya kwanza na tabasamu. "Vipi fundi, tuanze?"

"Bado. Tunamsubiri mpimaji."

Mwalimu akaja mara ya pili bila tabasamu. Wazazi wakaanza kuguna. Jua nalo likaanza kazi yake. Nikamfuata shemeji, nikamnong'oneza kwa hasira, "Hivi umerogwa? Utapoteza kazi na jina. Yule haji!"

Akanitazama. Sijawahi kumwona shemeji na macho yale. "Kamlete," akasema. "Nimejaribu kila kitu. Mimi nikimwambia ananiona namwonea huruma. Kamlete wewe, wewe humwonei huruma mtu."

Sijui lilikuwa tusi au sifa. Nikaenda mbio.

Nilimkuta dirishani, amevaa gauni la ndani ya nyumba, anasikiliza kelele za uwanja zilizokuwa zinaingia kupitia nyavu. Nikamwambia watoto wamejaa, mumewe amegoma kama nyumbu, mwalimu anataka kulia. Akatikisa kichwa. Akajigusa mdomo.

"Wata...nitazama."

"Watakutazama. Mimi nilitazamwa nilipofumaniwa na deni dukani, nikafa?"

Akatikisa kichwa tena. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na sijuti. Nikamwambia, "Basi kaa! Kaa hapo na dirisha lako. Mimi naenda kupanda, nitafumba macho kama wewe, nitashuka niseme inafaa, na watoto watapanda. Yaishe."

Nikageuka. Nimefika mlangoni nasikia, "We...we?"

"Ndiyo, mimi."

"Wewe hata su...furia ikiungua... una...ambiwa na jirani." Akavuta pumzi. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu augue, na ameitumia kunitukana. "Nipe vi...atu."

Nilimvalisha viatu, nikamchukulia mkoba wake. Nikamshika mkono ule mzima, tukavuka uchochoro taratibu. Tukaingia getini. Watu wakageuka, kweli wakamtazama. Kasichana kamoja ka mbele ya foleni, meno mawili hayapo, kakauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Bibi, mdomo wako umefanyaje?"

Nilitaka ardhi inimeze. Dada akasimama. Akamtazama mtoto, akaninyooshea kidole. "Ume...choka... kubishana na huyu."

Wazazi wakacheka, kasichana kakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Kuna mtu nyuma kabisa akaita, "Bi Inafaa huyo!" Na watoto, ambao wengine hata hawamjui, wakalipokea jina wakaanza kulipigia makofi.

Shemeji alikuwa ameshainuka kutoka kwenye ndoo yake. Hakusema pole, hakusema karibu. Alimpandisha kwenye kiti cha simba, akafunga mkanda, na kwa kuwa mkono wa kulia haushiki vizuri, akavua mkanda wake mwenyewe wa suruali akauzungushia pale kiunoni. Kisha akamwekea mkoba mapajani. Akaenda kuwasha injini, suruali ameishika kwa mkono mmoja.

Bembea ikazunguka. Dada amefumba macho, mguu mmoja unaning'inia vizuri, mwingine umepinda. Ilipopita mbele yangu niliona uso wake umetulia kama zamani. Ikapita tena. Halafu ghafla akainua mkono wa kushoto juu.

Nikajua tumemwua. Shemeji akazima injini. Mwalimu akaja mbio, "Bibi ameogopa? Amepata kizunguzungu?" Dada akafumbua macho. Hakuonekana kuwa na kizunguzungu, alionekana amekasirika, uso wake wa kazi.

"Hai...fai," akasema. "Kuna nati... kwenye twi..."

Neno likagoma. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye kiti cha twiga na spana yake, amepiga magoti, anakaza nati ya kile kibati cha kukanyagia miguu. "Kweli," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Imelegea. Mimi sikuiona."

Watoto wakashangilia kama goli limeingia. Bembea ikawashwa upya, dada akazunguka tena na macho yake yamefumbwa, muda mrefu zaidi, kwa raha zake, mpaka kasichana kasiko na meno kakaanza kulalamika. Aliposhuka alikaza uti wa mgongo, akavuta mdomo ule uliopinda, na neno likatoka zima, halikukatika popote.

"Inafaa."

Siku nzima alikaa kwenye kiti karibu na meza yangu, anasalimiwa, anajibu. Maneno mengine yalitoka, mengine hayakutoka, na watu wakasubiri. Alimtania mpaka mwalimu.

Jioni shemeji alibaki kufungua bembea, mimi nikamsindikiza dada nyumbani. Nilikuwa na furaha mpaka naongea peke yangu. Nikamwambia, "Unaona? Bila wewe ile nati ingebaki imelegea."

Akacheka puani. "Ali...ilegeza yeye."

"Nani?"

"Shemeji yako. Hata sija...maliza kusema twiga... keshafika. Na spana yake mkononi. Saizi ile ile."

Nikasimama katikati ya uchochoro. Nilikuwa nimemwona! Nilimwona kwa macho yangu akiwahi kule na sikufikiri chochote. Damu ikanipanda kwa niaba yake. Mwanamke amehangaika kutoka nyumbani, amejikaza mbele ya watu wote, kumbe amefanyiwa mchezo wa kuigiza.

"Na hukukasirika? Si ndiyo huruma yenyewe uliyoikataa?"

"Nilika...sirika. Mzunguko mzima." Akaendelea kuburuta mguu, akiniacha nyuma, na mimi nikamfuata. Alikuwa anayatafuta maneno, nikamwacha ayatafute. "Lakini siyo nati ya mnyororo. Ya kukanyagia. Haimdhuru mtu. Na hakuilegeza sana."

"Sasa?"

"Unywele tu. Kasauti kadogo... chini ya injini, chini ya kelele zote zile. Hakuna mtu mwingine... angekasikia." Akasimama mlangoni kwake, akashika kitasa kwa mkono ule mzito, mkono ambao kwa miezi alikuwa anauficha chini ya mtandio. "Angekuwa ananihurumia, angeilegeza mpaka igonge kama ngoma. Yeye ali...jua nitasikia."

Akafungua mlango. Kisha akanigeukia akaniuliza kama najua wiki ijayo kazi iko wapi.