Kioo Kwenye Ufa wa Nguzo

Kanisa lile alilijua kwa magoti. Miaka ishirini na miwili Mama Vumbi amepiga deki sakafu yake, kuanzia mlango mkubwa hadi ngazi za altare. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, ambaye hakumwachia kingine ila maneno.

"Walipojenga, nguzo zilikuwa kumi na nne," bibi yule alikuwa akisema. "Mawe na chokaa tupu, chuma hakuna hata cha dawa. Wakaja wajukuu na akili zao, wakabomoa mbili za mbele ili kila mtu amwone padri. Haya, tunamwona. Ngojeni na dari litushukie limwone."

Watu walicheka. Mama Vumbi naye alicheka, mpaka mwaka huu, unga mweupe ulipoanza kulala kwenye benchi la tatu. Anafuta jioni, asubuhi umo. Na benchi lenyewe ni la wifi yake, mwenyekiti wa akina mama, mtu ambaye akikosa la kulalamikia hulalamikia hewa.

"Wifi, macho yameingia ukungu? Gauni langu kama nimelala mashineni!"

"Badala ya kukagua gauni, inua kichwa uone unga unakotoka."

"Mimi nakuja kusali, siji kuhesabu popo."

Basi Mama Vumbi akainua kichwa mwenyewe. Kwenye nguzo iliyo kando ya benchi, ufa ulikuwa umepanda kutoka usawa wa kiuno hadi kwenye tao. Akamwita fundi mwashi, jirani yake, mtu asiyecheka bure. Fundi aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kisha akabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, saruji upande huu na saruji upande ule.

"Kioo hakipindi," alisema. "Nguzo ikisogea hata unywele, kinakatika. Na kikikatika, shemeji, usinitafute mimi. Tafuta mlango."

Paroko alipoambiwa, alijibu kuwa jubilei ni Jumapili, wageni wameshaalikwa, na kanisa limesimama tangu enzi za mababu. Kamati ikaleta rangi. Wakapaka ufa, wakapaka na kioo juu yake. Nguzo ikapendeza kama bibi harusi mwenye homa.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Mama Vumbi alipitisha kitambaa kwenye nguzo ile, kidole kikachanika. Kioo kilikuwa vipande viwili, na kati yao pangepita ncha ya kisu. Hakumaliza kufuta. Alifunga milango yote mitatu, akatia funguo kifuani, akaketi kwenye ngazi za nje.

Watu wakaja, wakajaa uwanja. Wifi akatangulia.

"Umerukwa na akili? Wageni wanakaushwa na jua!"

"Kaka yako akiniuliza ulikufaje, nimjibu nini? Kwamba uliwahi kiti cha mbele?"

Paroko akafika, joho jipya, jasho usoni. "Mama, nipe funguo."

"Nakupa, Padri. Ila tuingie wawili tu kwanza. Hao wabaki."

Alikubali zaidi kwa aibu ya wageni kuliko kwa imani. Ndani palikuwa na ubaridi, maua yamepangwa, hakuna kilichotikisika. Paroko akatazama juu, akashusha pumzi. "Unaona? Limetulia."

"Usitazame, Padri. Sikiliza."

Akasogeza sikio kwenye nguzo. Ndani ya jiwe kitu kilikuwa kinachuruzika, kidogo kidogo, kama mchele unaovuja kwenye gunia. Hakikukoma. Nje, wanakwaya waliochoka kungoja wakaanzisha wimbo, na kila sauti za besi zilipopanda, mchuruziko uliongezeka.

Paroko alitoka kinyumenyume, hata goti hakupiga. "Nyamazeni!" aliwaambia wanakwaya, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mimbarini. "Kengele isiguswe. Vukeni barabara, wote, taratibu. Misa tutaisalia ng'ambo."

Akafunga mlango mwenyewe, funguo akazitia mfukoni mwake. Umati ukaanza kuvuka bila kuuliza. Wifi akabaki nyuma, kamshika Mama Vumbi mkono.

"Rozari yangu iko benchini," alisema polepole. "Ya marehemu mama."

"Iache," alisema Paroko, akiendelea kurudi nyuma, macho hayabanduki kwenye paa.